Kata Isiyoonjwa

Baba yangu aliipiga pasi fulana. Naanzia hapo kwa sababu hasira yangu nayo inaanzia hapo. Ilikuwa fulana ya bure, nyeupe, ya kitambaa chepesi kinachoonyesha mbavu, imeandikwa NAJITOLEA mgongoni kwa wino wa kijani. Aliitandika juu ya meza ya chakula, akatia makaa kwenye pasi, akapuliza majivu, akainyoosha kwa uangalifu uleule aliokuwa akinyooshea shati lake la kazi zamani, kiwanda kilipokuwa bado mali ya umma. Alipomaliza akachukua na ya Mama. Akazitundika zote mbili kwenye msumari mmoja nyuma ya mlango.

"Zimekuwa kama sare za kwaya," Mama alisema.

"Kwaya ya watu wawili. Sauti ya kwanza uimbe wewe, maana ndiyo inayopiga kelele."

Walicheka. Mimi nilikuwa kwenye kochi, najiuliza kama watu wanaojitolea huwa wanapigiwa fulana pasi, au kama pasi yenyewe ingewafanya waonekane wana shida. Nilitaka kumwambia Baba aikunje kidogo, ionekane imevaliwavaliwa. Sikusema. Ndivyo nilivyokuwa mwaka ule: kila jambo nililigeuza mara nyingi kichwani mpaka likachakaa, kisha nikanyamaza.

Baba alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha nguo mjini Arusha, Mama muuguzi. Tulikuwa tukiishi Sokon I, nyumba ya kupanga yenye choo cha nje na mparachichi wa jirani uliotuangushia matunda upande wetu. Kiwanda kilipobinafsishwa, aliyekinunua alitaka zaidi kiwanja kuliko mashine, na Baba akaitwa mstaafu kabla umri wake haujafika. Mama alipostaafu naye, walihamia Kikwe, kwenye shamba alilogawiwa Baba na babu yangu. Watu wawili waliozoea kuamshwa na king'ora cha zamu wakaanza kuamshwa na ng'ombe wa jirani.

Mimi niliwakuta huko, nikitoka chuo kikuu na shahada ya elimu ya jamii. Siku niliyofika Baba alinipokea sanduku, akaniketisha, akaniuliza, "Haya, wamekupangia wapi?"

Enzi zake msomi alipangiwa. Alimaliza chuo, serikali ikamwambia nenda Mbeya, nenda Lindi, naye akaenda. Nilimweleza kwamba siku hizi serikali haipangii mtu, kila mmoja anajitafutia. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesimuliwa desturi za nchi ya mbali. Wiki iliyofuata akauliza tena, kwa sauti ya chini zaidi: "Bado hawajakupangia?"

Aliuliza hivyo kwa muda mrefu. Majirani walipoacha kuuliza nilielewa kwamba wamekwisha kupata jibu lao wenyewe.

Habari ya tamasha la vyakula vya asili ilitufikia kanisani, kupitia msichana niliyesoma naye sekondari. Darasani alikuwa akinakili hesabu zangu. Sasa alikuwa mratibu wa tamasha, ana simu ya mkononi kiunoni na viatu visivyojua matope ya Kikwe. Baada ya ibada aliwasalimia wazazi wangu kwa kupiga magoti kidogo, "Shikamoo Baba, shikamoo Mama," halafu akanivuta pembeni, lakini si mbali kiasi cha wao kutosikia.

"Mfadhili wetu ni ile kampuni ya maua. Mkurugenzi mwenyewe atakuja. Anafungua ofisi mjini, anataka wasomi. Ila mzee yule hapendi maombi ya kuandikwa, anasema karatasi inadanganya. Anaangalia watu wanaojitolea. Akipita mezani kwenu nitakutambulisha."

"Kwetu nani anajitolea?" nikauliza.

"Sisi," Mama akasema kutoka nyuma yangu.

Kujitolea walikujua. Walikuwa wamechimba msingi wa shule, wamebeba mawe ya zahanati, wameimba huku wakipokezana ndoo, na baadaye katibu wa tawi akasimama akasema nchi imewaona. Waliamini ipo nchi inayoona. Jioni ile, wakidhani niko bafuni, nilimsikia Baba akisema, "Akituona sisi, atamwona na yeye," na Mama akajibu, "Basi tumpe kitu cha kuona."

Kitu chenyewe kilikuwa mbege. Mama ni Mchaga wa Machame, na mkurugenzi, tuliambiwa, alizaliwa hukohuko. Mama alilowesha ulezi, akauacha uote, akauanika, akausaga. Alichemsha ndizi mbivu kwenye pipa mpaka zikaiva nyekundu. Magome ya mti wa msesewe, ambayo ndiyo hutia mbege uchungu wake, aliyaagiza kwa dada yake Machame, hakutaka ya sokoni. Baba, ambaye ni Mmeru, alikuwa akichochea moto na maneno.

"Wachaga mnajua kupika pombe tu. Sisi tuna loshoro. Mtu akila yale mahindi na maziwa ya mgando, anatembea kwa mguu mpaka Moshi."

"Na akifika Moshi anakunywa nini?"

"Maji."

"Mwongo! Uliponioa ulikunywa nini kwa baba yangu? Ulilala kwenye migomba, tukakutafuta na taa."

"Nilikuwa nakagua shamba la mkwe."

Mimi niliwaza. Je, kama mkurugenzi ameokoka na hanywi? Je, kama anakunywa, na wachungaji wapo, akaona aibu? Je, kama ana kisukari? Nilimuuliza Mama yote hayo. Aliacha kukoroga akanitazama.

"Mwanangu, hicho kichwa chako hakichoki? Mtu wa Machame wa rika lile, akipewa kata na mama mtu mzima, anapokea. Hata asiponywa yote, anapokea."

Siku chache kabla ya tamasha tuliitwa Tengeru kwenye semina ya watu wa kujitolea. Wazazi wangu walikaa mstari wa mbele. Mratibu alizungumza vizuri, sina budi kusema hivyo, alizungumzia kunawa mikono na kufunika vyakula. Kisha akasema: "Na jambo moja wazee wangu mtanisamehe. Kuonja kwenye chombo cha mgeni, hapana. Unamimina, unampa, basi. Mfadhili ameleta wageni wake kutoka nje, wasije wakaona mtu anakunywa kwanza halafu anawapa mabaki."

Mama akanyoosha mkono.

"Sasa mwanangu, uchawi atautoa nani?"

Ukumbi mzima ulicheka. Asiye wa huku aelezwe: kwetu anayekupa pombe hunywa funda la kwanza yeye mbele yako, ndipo anakukabidhi. Tunasema ametoa uchawi. Maana yake amekuonyesha kwamba kama kuna sumu, mtakufa wote. Anayekupa bila kuonja ama hajafundwa, ama ana jambo.

"Mama, hapa hakuna uchawi," mratibu akasema, naye akicheka. "Hapa kuna afya tu. Atakayeonja nitamwondoa mezani, jamani, msinilaumu."

Mama alitaka kuendelea. Nilimwona Baba akimgusa goti. Akashusha mkono.

Tamasha lilifanyika uwanjani, si mbali na soko la Tengeru. Mlima Meru ulikuwa wazi asubuhi ile, hauna hata wingu, na watu walikuja kutoka kila upande. Kulikuwa na sufuria za mtori, ndizi nyama, makande, mbuzi wa kuchoma. Akina mama wa Kiislamu kutoka mjini walileta pilau ambayo harufu yake iliwahi kutufikia kabla ya wao wenyewe kuonekana. Meza yetu ilikuwa na mitungi ya mbege upande mmoja, na upande wa pili loshoro, kwa kuwa Baba aligoma kusimama penye mbege peke yake.

Nilikuja nikiwa tayari kuwaonea haya. Nikabaki nikiwaangalia tu, na hilo liliniudhi zaidi. Walikuwa na furaha. Baba aliita watu kama mpiga debe aliyesoma katekisimu. "Karibuni, karibuni, loshoro halijawahi kumfukuza mtu!" Mama alikuwa akimimina mbege kwenye kata, kile kibuyu kilichopasuliwa chenye mkia wa kushikia, na kila alipompa mzee aligeuka kidogo kama anayeweka khanga sawa begani, akainamisha uso ndani ya khanga pamoja na kata, kisha akageuka akampa. Wazee walielewa. Mmoja alipokea kwa mikono miwili, akasema, "Aika, mae," asante mama, na akaongeza kwa Kiswahili, "Khanga yako nayo inakunywa?"

"Ina kiu tangu semina," Mama akajibu.

Kilichokuwa kikingojewa mimi nilikijua, na wao walikijua. Kila gari lilipoingia uwanjani Baba alikata maneno, akaangalia, akaendelea. Mama alikuwa ametenga mtungi mmoja mdogo chini ya meza, ameufunika kwa jani la mgomba. Ulikuwa wa mtu mmoja.

Alikuja jua likiwa kichwani. Mzee mrefu, koti la kijivu, fimbo ambayo hakuihitaji. Nyuma yake wageni wake wawili Wazungu, wajumbe wa kamati, mchungaji, na mratibu akitembea kinyumenyume mbele yao akieleza. Walipofika mezani kwetu mratibu alisimama ubavuni mwa Mama kabisa, bega kwa bega. Khanga haikuwa na pa kugeukia.

"Hii ni mbege, Mheshimiwa, imepikwa na mama yetu hapa, wa kwenu Machame."

"Ahaa," mzee akasema, na uso ukamlegea. "Machame gani, Mama?"

Mama akamtajia kijiji. Mzee akataja mto. Mama akataja kanisa lililo juu ya mto. Mzee akacheka, akahamishia fimbo mkono wa kushoto. Mama aliinama akatoa ule mtungi wa chini ya meza, akamimina, povu likapanda mpaka ukingoni. Alishika kata kwa mikono miwili.

Mzee alisubiri.

Nilijua anasubiri nini. Baba alijua. Nadhani hata mchungaji alijua. Mama alimtazama mratibu, kisha akanitazama mimi, mtazamo mfupi ambao nimeuchambua zaidi ya kitabu chochote nilichosoma chuoni. Kisha akanyoosha mikono, akampa kata jinsi ilivyo, imejaa, haijaguswa.

Mzee aliipokea. Mama alisema kweli, anapokea. Akaiangalia. Akamwangalia Mama.

"Kwa hiyo siku hizi kwetu mgeni anajionjea mwenyewe?"

Alisema kwa utani, na akampa muda. Angeweza kujibu. Angesema tumekatazwa, Mzee, na wote wangecheka, mratibu angeona haya kidogo, kata ingerudi, angeonja, ingekwisha. Lakini mratibu ndiye aliyekuwa amebeba jina langu mdomoni. Kumtia aibu mbele ya bosi wake kulikuwa kuniangusha mimi. Mama alitabasamu tu, mdomo ukiwa umefungwa. Baba, ambaye hajawahi kukosa neno tangu nimjue, alikuwa akikoroga loshoro ambalo halikuhitaji kukorogwa.

Mzee aliweka kata mezani, taratibu, hakumwaga hata tone. "Asante, Mama," akasema kwa Kiswahili safi cha ofisini. Akaenda kwenye meza ya pili. Huko nilimwona akipewa soda, ikafunguliwa mbele ya macho yake, akanywa.

Wageni wake Wazungu walibaki nyuma kidogo. Mmoja alimwonyesha Mama kwa ishara kwamba anataka ile kata iliyoachwa, akainywa yote, akapanguza povu puani. Mama alimshukuru.

Mratibu alitimiza ahadi yake. Alasiri aliniita chini ya turubai la wakubwa, akasema, "Mheshimiwa, huyu ndiye msomi niliyekuambia." Nilikuwa nimejizoeza majibu yangu siku nyingi. Nilikuwa na jibu la kwa nini nimesoma elimu ya jamii, na la naweza kuisaidia nini kampuni ya maua.

"Binti wa nani?" akauliza.

Mratibu akanitangulia. "Wa yule mama wa mbege."

"Ahaa."

Ilikuwa ahaa tofauti na ile ya kwanza. Fupi, inashuka mwishoni. Akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Akasema vizuri, na mtu mwingine akainama kumsalimia, na hapo ndipo mazungumzo yangu na mkurugenzi yalipokwisha. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiipima ahaa ile. Pengine aliamini mama yangu ana jambo. Pengine alimwona mwanamke aliyesahau kwao, na hakutaka binti wa mtu kama huyo. Pengine alikuwa amechoka, na hapakuwa na kazi yoyote tangu mwanzo. Hili la mwisho ndilo linaloniuma zaidi, kwa hiyo ndilo ninaloliamini siku nyingi.

Niliporudi mezani sikuwakuta. Nilidhani wameondoka kwa aibu, nikakimbia mpaka barabarani. Hawakuwapo. Niliwakuta kwa wale akina mama wa mjini, wamekaa kwenye mkeka, sinia la pilau katikati, Mama akibishana kuhusu mdalasini.

"Unazidisha, shoga yangu."

"Nazidisha? Na wewe sahani ya tatu hii!"

"Nahakikisha kama unazidisha."

Baba alikuwa na mfupa wa mbuzi mkononi, fulana yake iliyopigwa pasi ina mchuzi kifuani. Bendi ya tarumbeta ya kanisa ilikuwa ikipiga, naye alikuwa akitikisa bega moja.

"Umeonana naye?" Mama akaniuliza.

"Nimeonana naye."

"Amesemaje?"

"Ameuliza kama nimekula."

Akanitazama. Aliweka tonge chini, akafuta vidole.

"Mama, si ungeonja tu! Funda moja!"

"Na rafiki yako angefanywaje? Si ndiye wa kukushika mkono?"

"Sasa kanishika?"

Yule mama wa pilau akajifanya anafunika sufuria. Baba akasema, "Kaa kwanza ule, mwanangu." Sikukaa. Niliwauliza, kwa sauti ambayo watu wa mkeka wa jirani waliisikia, wanafurahia nini hasa. Baba akafikiri, kwa kweli alifikiri, akasema, "Mimi nafurahia huyu mbuzi."

Nilirudi Kikwe peke yangu. Wao walibaki mpaka mwisho, wakaosha masufuria ambayo hayakuwa yao, wakakunja maturubai. Walirudi wakiimba.

Ofisi ya mjini ilifunguliwa miezi michache baadaye. Niliposikia ni nani aliyekalia meza ya mbele nilicheka mpaka Mama akaja kunitazama. Alikuwa mratibu, na shahada hakuwa nayo. Mama akasema, "Basi na yeye ni mtoto wa watu, mwache ale." Baba tangu siku ile hakuniuliza tena nimepangiwa wapi.

Mwaka uliofuata kamati ilituma mtu kuwaomba tena. Nilimjibu mimi, mlangoni, kwamba wazazi wangu wamechoka. Mama alitokea nyuma yangu huku anajifuta mikono.

"Nani amechoka? Mwambie tupo. Mbege na loshoro."

Mtu yule alipokwenda nikamwambia Mama kwamba hakuna tena kitu cha kutafuta pale, mkurugenzi anadhamini mambo mengine sasa, hakuna atakayewaona.

"Nani kakwambia tulikwenda kwa ajili yako peke yako?" akasema. Hakusema kwa ukali. Alisema akitafuta fulana kabatini.

Nililigeuza hilo siku nyingi. Nilikuwa nimebeba aibu ya kata ile mwaka mzima, nikidhani ni mzigo wetu sote watatu, kumbe wenzangu walikuwa wameuweka chini siku ileile, juu ya mkeka, kando ya sinia. Ningepaswa kufurahi. Nilihisi nimeibiwa.

Siku ya tamasha waliondoka mapema, wamevaa zile fulana, doa la mchuzi bado limo kifuani mwa Baba. Nilijifanya nimelala. Nilipotoka nilikuta kata mezani, imefunikwa kwa jani la mgomba. Nikalifunua. Mbege ilikuwa imeshuka kidogo chini ya ukingo, na upande mmoja povu lilikuwa na alama ya mdomo. Mama alikuwa ameonja kabla ya kwenda.

Niliketi mbele ya kata. Nilisikia watu wakipita barabarani kwenda Tengeru, wakicheka. Povu likalala, nzi wakaja. Sikunywa.